Mama mjamzito na maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni

Mara hii tunaandika juu ya maumivu ambayo akina mama wengi wa kambini wanayajua kuliko sisi tunaoyaandika. Yanaanzia kiunoni au ndani ya tako, kwa kawaida upande mmoja, kisha yanashuka nyuma ya paja, na mara nyingine yanafika kwenye kigimbi na unyayo. Kila mama huyaeleza kwa namna yake. Mmoja atasema ni kama moto, mwingine kama sindano, mwingine kama sisimizi wanaotembea chini ya ngozi. Akikohoa yanamchoma. Akijigeuza usiku yanamwamsha. Asubuhi akitaka kuinuka kwenye mkeka, inambidi ashike ukuta.

Waliosoma Kifaransa huko Kongo na Burundi huyaita siatiki, kwa jina la mshipa unaohusika. Jina hilo ndilo tutakalotumia.

Tumeamua kuandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mama wengi hawayataji kliniki. Mama anapimwa uzito, shinikizo la damu na tumbo, anapewa vidonge vya kuongeza damu, anarudi nyumbani, na habari ya mguu hakuisema. Alidhani ni mzigo wa kawaida wa mimba, au aliona foleni ni ndefu na muuguzi amechoka. Sababu ya pili ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Mama huyo huyo akishindwa kuvumilia huenda sokoni kununua vidonge vya maumivu, na baadhi ya vidonge hivyo vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Jambo hilo tutalieleza kwa urefu. Kwanza tuuangalie mshipa wenyewe.

MSHIPA HUU UKO WAPI?

Mbali na mishipa ya damu, mwili una mishipa ya fahamu. Hiyo ndiyo inayopeleka habari kutoka kwenye ngozi na misuli hadi kwenye ubongo, na kurudisha amri ili mguu uinuke au kidole kijikunje. Mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini ni huu wa siatiki. Unaundwa na nyuzi zinazotoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya chini, unapita ndani ya nyonga na chini ya misuli ya tako, unashuka nyuma ya paja, na karibu na goti unagawanyika kuelekea kwenye kigimbi na unyayo.

Kwa hiyo ukibanwa juu, maumivu husikika chini. Mama anasugua kigimbi kwa mafuta kila jioni, na kumbe kigimbi hakina kosa lolote.

Wakati wa mimba mwili hutoa homoni zinazolegeza viungo vya nyonga ili mtoto apate njia ya kutokea. Ni jambo jema, lakini viungo vikilegea misuli hulazimika kufanya kazi ya kuvishikilia. Misuli ya tako inachoka na kukakamaa, na mshipa wetu unapita chini yake. Halafu tumbo likikua linauvuta mwili mbele. Ili asianguke, mama hujipinda kwa nyuma, na uzito wote unakwenda kukaa kwenye pingili za chini za mgongo. Mara chache zaidi, ile nyama laini iliyo kati ya pingili mbili hutokeza nje na kuubana mshipa mahali unapoanzia.

Tuseme ukweli: si kila maumivu ya tako na mguu ni ya mshipa huu. Kwa wajawazito wengi yanayouma hasa ni maungio ya nyonga yaliyolegea. Dalili zake ni kwamba maumivu hukaa kiunoni, takoni au mbele kwenye mfupa wa kinena, na huzidi mama anapojigeuza, anapopanda mahali au anaposimama kwa mguu mmoja kuvaa nguo. Maumivu ya mshipa kwa kawaida hupita goti, yana ganzi au kuchomachoma, na huzidi kwa kukohoa au kupiga chafya. Muuguzi anaweza kukupima na kutofautisha. Kwa matunzo ya nyumbani njia ni karibu zile zile, kwa hiyo hayo yanayofuata yanawafaa wote.

Maumivu ya mgongo au nyonga huwapata kiasi cha nusu ya wajawazito, na pengine zaidi. Mara nyingi huanza au kuzidi kuanzia mwezi wa tano. Hayamdhuru mtoto tumboni. Mtoto hazaliwi kilema kwa sababu mama yake aliumwa mguu, na upande unaouma hauonyeshi kama ni wa kiume au wa kike. Wapo pia wanaosema mama amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Hatutaki kubishana na mtu juu ya imani yake. Tunasema tu kwamba maumivu haya yanawapata wajawazito katika nchi zote, na kwamba mama anayepoteza wiki tatu akimtafuta aliyemtega ameongeza wiki tatu za kuteseka bure.

MAJI, KUNI NA MTOTO WA MGONGONI

Hapa tufanye hesabu kidogo. Kipimo kinachotumiwa na mashirika kambini ni lita 20 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Familia ya watu 6 inahitaji lita 120, yaani madumu 6 ya lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi mama anayechota peke yake, kama bomba linatoa maji ya kutosha, amebeba kilo 120 kwa siku, bado hujahesabu madumu yenyewe, mzigo wa kuni, na mtoto wa miaka miwili anayelilia mgongo. Kwa kiuno kilicholegezwa na mimba, huo ni mzigo mkubwa.

Ushauri wetu wa kwanza, kabla ya dawa yoyote, ni huu: mjamzito mwenye siatiki asibebe dumu la lita 20. Hatusemi asitembee. Kulala siku nzima huikaza misuli na kuongeza maumivu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 juu ya huduma za wajawazito, linashauri mazoezi ya mwili wakati wote wa mimba ili kuzuia maumivu ya mgongo na nyonga. Kwa hiyo tembea polepole, mara kwa mara, mwendo mfupi. Kinachopaswa kukoma ni mizigo mizito, kuinama, na kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu.

Kama ni lazima uchote, tumia madumu mawili madogo ya lita 5, moja kila mkono, kuliko moja kubwa upande mmoja. Usijitwike peke yako kutoka chini. Omba utwikwe, na ukifika nyumbani utuliwe. Ukiokota kitu, kunja magoti mgongo ukiwa umenyooka, ukiweke kitu karibu na mwili ndipo uinuke. Usijizungushe kiuno huku umeshika mzigo. Geuza miguu kwanza. Mtoto mkubwa apakatwe mama akiwa ameketi, na mgongoni abebwe na dada yake, shangazi au baba.

Sasa tunasema na akina baba. Tunajua kwamba katika makabila mengi yaliyopo hapa kuchota maji na kutafuta kuni huhesabiwa kuwa kazi ya wanawake, na kwamba mwanamume akionekana bombani na dumu watu hucheka. Acheni wacheke. Mwenye baiskeli anaweza kuleta madumu matatu au manne kwa safari moja, tena kabla jua halijawa kali. Mwanamume asiye na baiskeli ana mabega. Kijana wa miaka kumi na mitano naye anaweza, kama baba yake akianza.

Mama ambaye mumewe hayupo, au aliyekuja peke yake, asikae kimya. Amweleze mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumba kwa nyumba, na kiongozi wa mtaa wake. Siku ya mgao wa chakula aende kwa msimamizi wa foleni aseme wazi kwamba ni mjamzito na hawezi kusimama muda mrefu. Ni vema kuuliza siku chache kabla ya mgao, kwenye dawati la malalamiko na maelezo, kama mtu mwingine wa nyumbani anaweza kuandikishwa kuchukua badala yake. Siku yenyewe ya mgao mara nyingi huwa umechelewa.

KULALA, KUPIKA NA CHOO

Lala kwa ubavu, na mguu unaouma uwe juu. Kunja blanketi au nguo za zamani, ziweke kati ya magoti na vifundo vya miguu ili mguu wa juu usivute nyonga. Kitambaa kingine kidogo chini ya tumbo kinasaidia pia. Kuanzia mwezi wa saba usilale chali. Ubavu ni salama zaidi kwa mtoto, kushoto au kulia, ingawa wakunga wengi hupenda kushoto. Ukijikuta umelala chali usiku usiogope, geuka tu. Kama unalala juu ya ardhi ngumu, nyasi kavu au magunia chini ya mkeka hupunguza uchungu wa nyonga.

Kuamka kuna ufundi wake. Usijivute kwa kuinua kichwa na mabega kwanza. Geuka ubavu, kunja magoti, jisukume kwa mikono, keti kidogo, halafu ndipo usimame.

Jikoni shida ni kuinama. Mama anapikia mafiga yaliyo chini, ameketi juu ya kigoda kifupi mpaka magoti yamepita kiuno. Mkao huo huvuta mshipa. Keti juu ya kitu kirefu kidogo, kwa mfano ndoo imara iliyogeuzwa na kuwekewa kitambaa, ili magoti yawe chini ya nyonga au sawa nayo. Familia inayotengeneza tofali za udongo inaweza kulijengea jiko kiunzi cha kufika magotini. Kazi ya kuchambua maharagwe au kumenya mihogo ifanyike mama akiwa ameegemea ukuta. Kila baada ya nusu saa ainuke, atembee hatua chache. Kwenye bustani tumia jembe la mpini mrefu, na palizi ya kuinama muachie mwingine.

Kuna jambo dogo ambalo halisemwi. Choo cha shimo kinamtaka mtu achuchumae, na mwenye siatiki akichuchumaa anaweza kushindwa kuinuka. Mwambie mtu achimbie mti imara ndani ya choo, mbele ya tundu, wa kushikilia. Ni kazi ya nusu saa, na inamwokoa mama na maanguko ya usiku. Pia kunywa maji ya kutosha na kula mboga, kwa sababu kujikamua kwa choo kigumu huzidisha maumivu ya mgongo.

MAZOEZI MATATU

La kwanza: piga magoti juu ya mkeka na uweke mikono chini, kama mtu anayesugua sakafu. Vuta pumzi. Unapoitoa, inua mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kisha urudishe polepole uwe sawa. Usiuache uzame chini. Fanya mara 10, asubuhi na jioni. Mama wengi hupata nafuu papo hapo kwa sababu uzito wa mtoto unaning'inia mbele na kuuacha mgongo upumzike.

La pili: simama ukiegemeza mgongo kwenye ukuta, visigino vikiwa mbali kidogo na ukuta, magoti yamelegea. Sukuma kiuno mpaka sehemu ya chini ya mgongo iguse ukuta, hesabu mpaka 5, legeza. Mara 10.

La tatu ni la kunyoosha misuli ya tako. Keti juu ya kiti au ndoo. Weka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili. Nyoosha mgongo, kisha inama mbele kidogo tu mpaka usikie tako linavutika. Hesabu mpaka 20, ukipumua kawaida. Rudia mara 3.

Kuvutika kidogo ni kawaida. Lakini zoezi lolote linalofanya maumivu yashuke chini zaidi mguuni liachwe. Maumivu yakipanda juu kuelekea kiunoni, hata kama kiuno kinauma, kwa kawaida ni dalili njema.

Joto husaidia. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto yanayovumilika mkononi, kamua, weka takoni na kiunoni kwa dakika 10 hadi 15. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa inafaa pia. Usiweke tumboni, na usiweke mahali penye ganzi, maana ngozi isiyosikia huungua bila mwenyewe kujua.

Kisha kuna kitenge. Kikunje kiwe kama mkanda mpana, kipitishe chini ya tumbo na kuzunguka nyonga, kifungwe kwa nyuma au ubavuni. Kisikaze tumbo. Kazi yake ni kushikilia nyonga. Fanya hivyo unapotembea au unapofanya kazi, na ukifungue unapolala. Hospitali za mijini huuza mikanda maalumu kwa kazi hiyo hiyo, lakini kitenge kilichofungwa vizuri kinaweza kusaidia.

VIDONGE VYA SOKONI

Wauza dawa wa sokoni hawana nia mbaya. Mtu anasema mgongo unamuuma, naye anampa kile ambacho watu hurudi kukitafuta tena. Mara nyingi ni diklofenaki au aibuprofeni. Kwenye pakiti utaona limeandikwa Diclofenac au Ibuprofen, na wengi huiita hiyo ya pili Brufen. Dawa hizi hupunguza maumivu kweli, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mama anaona amepona na kuendelea kuzinywa.

Kwa mjamzito mambo ni tofauti. Kuanzia kama wiki ya 20, yaani mwezi wa tano, dawa za kundi hili zinaweza kudhoofisha figo za mtoto. Maji yanayomzunguka mtoto yanatokana kwa sehemu kubwa na mkojo wake. Figo zikidhoofika, maji hayo hupungua, na mtoto anakosa nafasi na kinga. Mwezi Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo la wazi juu ya jambo hili. Katika miezi mitatu ya mwisho kuna hatari nyingine: dawa hizi zinaweza kufunga mapema njia ya damu iliyo karibu na moyo wa mtoto, ambayo inatakiwa ibaki wazi mpaka azaliwe. Indomethasini imo katika kundi hili, na aspirini ya kipimo cha kutuliza maumivu pia. Ila wapo mama wanaopewa kliniki aspirini ya kipimo kidogo sana ili kuzuia kifafa cha mimba. Hao wasiiache. Wafuate walivyoelekezwa.

Dawa inayotumika kwa kawaida ni parasetamoli, na ipo zahanati. Kidonge cha mtu mzima ni cha miligramu 500. Kunywa 1 au 2, subiri saa 6 kabla ya kurudia, na usipite vidonge 8 kwa saa 24. Mama mwembamba aliye chini ya kilo 50 aulize kipimo chake kwanza, vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa ini. Itumie siku chache maumivu yanapokuwa makali, si kila siku kama chumvi. Angalia pia kwamba dawa nyingi za mafua ndani yake mna parasetamoli, ukazidisha bila kujua.

Kuhusu sindano, tunaomba sana. Sindano ya takoni ikichomwa mahali pasipo pake inaweza kuujeruhi mshipa huu huu wa siatiki, na mguu ukapooza. Usikubali kuchomwa sindano ya maumivu nyumbani kwa mtu au dukani.

Kama tayari umekunywa diklofenaki kwa siku chache, acha, na usikae na hofu usiku kucha. Njoo kliniki na pakiti yake. Hakuna atakayekugombeza, na akitokea wa kukugombeza, mwambie msimamizi wa zahanati.

DAWA ZA KIENYEJI

Bibi anayejua kukanda ni msaada mkubwa. Akukande tako, kiuno na paja kwa mafuta, taratibu, ukiwa umelala ubavu. Asikande wala kusukuma tumbo, hata kwa nia ya kumweka mtoto sawa, kwa kuwa kondo la nyuma linaweza kubanduka na mama akatokwa damu nyingi.

Chale za wembe na kuumikwa tunavikataa. Damu ya mtu mmoja ikibaki kwenye wembe hupeleka virusi vya UKIMWI na homa ya ini kwa mwingine, na kidonda kichafu huleta pepopunda. Dawa za miti za kunywa, au zile zinazoingizwa kwa njia ya haja kubwa, nyingine hukaza mji wa mimba na kuleta uchungu kabla ya wakati wake. Hakuna anayeweza kujua kipimo kilichomo ndani ya kikombe.

USINGOJE KESHO

Hadi hapa tumesema juu ya maumivu yanayovumilika na kutunzwa nyumbani. Yapo mengine yanayomtaka mama afike zahanati siku hiyo hiyo, hata usiku, hata kama ni kwa kubebwa.

La kwanza ni ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, yaani pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli. Likiambatana na kushindwa kukojoa, au mkojo au choo kutoka bila kujua, au miguu yote miwili kulegea, ina maana mishipa ya chini ya mgongo imebanwa vibaya. Hutokea mara chache sana, lakini ikichelewa mama anaweza kubaki hivyo maisha yote. Inahitaji hospitali, na huenda upasuaji. Tunajua kusema habari za mkojo na sehemu za siri ni aibu. Mwambie mkunga mwanamke, umwambie yote.

La pili ni mguu kukosa nguvu. Jipime mwenyewe ukiwa umeshikwa na mtu: tembea hatua tano kwa visigino, kisha hatua tano kwa vidole. Kama mguu mmoja unashindwa, au unyayo unaburuta na ndala inachomoka, njoo.

Kisha yapo magonjwa yanayojifanya siatiki. Maumivu ya mgongo yenye homa yanaweza kuwa malaria au ugonjwa wa figo, hasa kama mkojo unachoma. Kigimbi kimoja kilichovimba, chenye joto na kinachouma kinaweza kuwa na damu iliyoganda, na damu hiyo ikipanda kwenye mapafu inaua. Hicho kisikandwe kabisa. Maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka kwa mpango, tumbo likikaza kila yanapokuja, ni uchungu wa kuzaa, hata kama miezi haijatimia. Damu au maji yakitoka ukeni, usiangalie saa. Na mwenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu pamoja na kikohozi, kukonda na jasho la usiku apimwe kifua kikuu, ambacho huingia pia kwenye pingili.

Kama maumivu yalianza baada ya kuanguka, au baada ya kupigwa, sema. Muuguzi atakusikiliza mkiwa wawili tu.

SIKU YA KUZAA NA BAADAYE

Mama mwenye siatiki kwa kawaida anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida. Mwambie mkunga mapema ni mguu gani unaouma. Si lazima ukae chali na miguu juu wakati wote. Unaweza kulala ubavu, au kupiga magoti umeshika kitanda, na wanaokusaidia wasivute mguu unaouma kwa nguvu.

Kwa walio wengi maumivu hupungua katika wiki na miezi baada ya kujifungua, nyonga zinapokaza tena. Usirudie dumu kubwa mara tu arobaini inapokwisha. Anza na lita 5, halafu 10. Unaponyonyesha, egemea ukuta na umwinue mtoto kwa nguo iliyokunjwa mpaka afike kwenye ziwa, usiinamie mtoto. Mazoezi yale matatu yanaendelea kufaa. Kama baada ya wiki 6 mguu bado una ganzi au hauna nguvu, litaje siku ya kumleta mtoto kliniki, upangiwe kuonana na daktari.

Unapokuja kliniki juu ya maumivu haya, njoo na kadi yako ya wajawazito na vidonge vyote ulivyokwisha kununua, hata vilivyobaki viwili kwenye karatasi. Wakati muuguzi anapokupima tumbo, mwonyeshe kwa kidole maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Hapo atajua pa kuanzia.